Mali Bila Daftari

Wahenga waliosema mali bila daftari hupotea bila habari walikuwa wakimwonya mwenye duka. Mimi nimeona methali hiyo inamhusu zaidi mtu wa redio. Miaka ya kutayarisha vipindi vya muziki na kuandika habari za wanamuziki kwa ajili ya redio ya umma imeniachia imani moja, nami nataka kuitetea hapa: kazi kuu ya mtayarishaji wa muziki katika redio ya umma ni kujua nani alifanya nini, lini na wapi, kisha kuyaandika hayo mahali ambapo mwenzake wa miaka hamsini ijayo atayakuta. Kuchagua wimbo mzuri ni kazi. Kuketi na fundi mitambo mpaka besi iache kuwameza waimbaji ni kazi, tena ya heshima. Lakini hayo yote yakifanyika bila daftari, redio hubaki na ghala la sauti zisizo na wenyewe. Najua dai hili linasikika kama la karani, na wengi wetu tulioingia kazini kwa mapenzi ya muziki hatukuja kuwa makarani. Ndiyo maana halitoshi kulitamka tu. Linahitaji ushahidi, na linahitaji kujibu wanaolipinga.

Ushahidi wa kwanza uko Dar es Salaam, kwa sababu pale redio ya umma ilifanya zaidi ya kupiga muziki: kwa miongo kadhaa ndiyo iliyokuwa studio ya nchi. Kituo kilichoanza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam kiligeuzwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, kikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, yaani RTD, mwaka 1965, na urithi wake leo uko mikononi mwa TBC. Wafanyabiashara nao walirekodi. Salum Abdallah na Cuban Marimba yake ya Morogoro walitoka kwenye santuri za lebo ya Mzuri ya Mombasa, na kampuni za Nairobi ziliwavuta wengi, Mbaraka Mwinshehe akiwa mmoja wao. Lakini Tanzania yenyewe haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Desemba 1962 Serikali iliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na mwaka 1973 redio ikaelekezwa kupiga muziki wa nyumbani na kuuweka kando wa nje. Redio inayotakiwa kupiga muziki wa nyumbani, katika nchi isiyofyatua santuri, haina budi kurekodi yenyewe. Bendi zikapelekwa studio, zikapiga moja kwa moja mbele ya maikrofoni chache, na kanda zikaanza kujaa rafuni: dansi, taarab, kwaya, ngoma za mikoani. Nyingi kati ya nyimbo hizo hazikuwahi kuuzwa dukani. Kanda iliyoko rafuni ndiyo nakala, na ikiharibika hakuna pengine pa kwenda kuitafuta.

Sasa tazama kasha la kanda ya namna hiyo linavyosema. Kwa kawaida huwa na jina la bendi na majina ya nyimbo. Likibahatika, huwa na tarehe. Kwa mtu asiyeujua muziki wa dansi, hayo yanatosha. Kwa anayeujua, jina la bendi ni mwanzo tu wa swali. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ilikuwa JUWATA, kisha OTTU, hatimaye Msondo Ngoma, ikibadili jina kila chama kilipobadilika. Wakati huohuo watu walikuwa wakihama. DDC Mlimani Park ilipoanza mwaka 1978, ilijengwa na wanamuziki waliokwisha kukomaa kwingine. Muhiddin Maalim Gurumo alitoka JUWATA akawa miongoni mwa nguzo zake, baadaye akaenda Orchestra Safari Sound, na mwisho akarejea Msondo. Hassan Rehani Bitchuka naye aliimba pande zote mbili. Michael Enoch, mwalimu wa wapiga magita wengi, alikuwa ameiongoza Dar es Salaam Jazz kabla ya kuketi Mlimani Park. Anayetaka kuelewa jinsi gita la Dar es Salaam lilivyokua lazima afuate vidole, maana kibao cha ukumbini hakimwambii kitu. Na vidole hivyo haviwezi kufuatwa pasipo majina. Waimbaji huokolewa na desturi yao ya kutajana ndani ya wimbo. Mpiga gita la pili, mpiga tumba na mpiga tarumbeta hawatajwi na mtu, na hao ndio waliobeba mtindo wenyewe, ule ambao wachezaji waliutambua kwa jina la Sikinde au Msondo kabla mwimbaji hajafungua kinywa.

Hasara ya daftari kukosekana huanzia kwenye historia na kuishia mfukoni mwa mtu. Wimbo wa Malaika ni mfano ambao kila msomaji wa Kiswahili anaujua. Fadhili William aliurekodi Nairobi, Miriam Makeba akautembeza duniani, na baada ya hapo umeimbwa na watu wa kila bara. Hata hivyo mgogoro wa nani aliutunga haujaisha: Fadhili William alidai ni wake, na wapo waliomtaja Adam Salim, na wapo waliomtaja Grant Charo. Sina la kuamua katika shauri hilo, na hilo ndilo linalonisikitisha, kwamba waliotakiwa kuliandika jambo hili lilipokuwa bichi hawakuliandika. Linganisha na Mbube. Solomon Linda aliurekodi katika studio ya Gallo, Johannesburg, mwaka 1939, na jina lake likachapwa kwenye santuri. Wimbo ule ulibadilishwa majina, ukatajirisha wengine, naye akafariki maskini mwaka 1962. Lakini warithi wake walipofungua kesi, hakuna aliyehitaji kubahatisha ni nani aliyesimama mbele ya maikrofoni siku ile, na mwaka 2006 wakafikia makubaliano ya kulipwa. Sheria na mawakili wana sehemu yao katika ushindi huo, sikatai. Lakini wakili hana pa kuanzia kama hakuna jina. Hapa kwetu ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na kipo chombo cha kuisimamia, COSOTA. Sheria bora kuliko zote haiwezi kumlipa mtunzi ambaye redio iliyomrekodi haikuandika kwamba ndiye mtunzi.

Wapo watakaoona nimeipa karatasi uzito uliostahili sauti. Kwao namtaja Siti binti Saad. Mwaka 1928 alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri za HMV, na sauti yake ikawa miongoni mwa za kwanza za pwani hii kusikika mbali kwa njia ya mashine. Kama tungebaki na santuri tu, leo tungekuwa na sauti kali iliyofunikwa na mkwaruzo wa sindano, na maneno ambayo kijana wa sasa huyapata nusunusu. Tunachojua juu ya binti wa Fumba aliyetoka katika umaskini na dharau hadi kuketi mbele ya wakubwa tunakijua kwa sehemu kubwa kwa sababu Shaaban Robert alichukua kalamu na kuandika Wasifu wa Siti binti Saad. Kwa juhudi zake na za waandishi waliomfuata, hata majina ya wenzake wa kikundi, kama Subeti bin Ambar na Mbaruk Talsam, yamebaki. Shaaban Robert hakuwa mtu wa redio, lakini alifanya kazi ambayo mwandishi wa muziki anapaswa kuifanya: aliipa sauti mahali pa kukaa ndani ya maisha ya watu. Santuri ilihifadhi jinsi Siti alivyoimba. Wasifu ulihifadhi kwa nini kuimba kwake kulikuwa jambo kubwa. Ukiondoa kimojawapo, kilichobaki kinapungukiwa.

Pingamizi la kwanza ni kwamba redio ni burudani: msikilizaji anayerudi shambani au aliyekwama kwenye foleni ya magari anataka wimbo, hataki orodha ya wapiga magita. Pingamizi hili lina ukweli ambao mtayarishaji mwenye kiburi huusahau. Kipindi cha muziki kikigeuka darasa, watu huzima. Hata hivyo daftari ndilo linalompa mtangazaji kitu cha kusema. Asiyejua hujaza dakika kwa sifa: wimbo mtamu, bendi kali, zilipendwa. Anayejua husema sentensi moja tu, kwamba gita utakalolisikia sasa limepigwa na yule aliyemfundisha mpiga gita la wimbo uliopita, na msikilizaji husikia nyimbo mbili upya. Isitoshe, burudani sasa ina wenyewe wengi. Tangu sheria ya mwaka 1993 iliporuhusu redio binafsi, na Radio One ikaanza kusikika mwaka uliofuata, vituo hivyo vimeburudisha nchi kwa ufanisi mkubwa, na bongo fleva isingekua ilivyokua bila hivyo. Naviheshimu kwa hilo. Lakini kituo kinachoishi kwa matangazo ya biashara hakiwezi kulaumiwa kikiacha kutumia saa tatu kumhoji mpiga tumba wa bendi iliyokufa. Redio inayoendeshwa kwa kodi inaweza kulaumiwa, kwa sababu kodi hiyo inalipwa pia na mwana wa huyo mpiga tumba.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa wanamuziki wenyewe. Wanasema redio ya umma haina haki ya kujiita mtunza urithi, kwa sababu ilikuwa mlinzi wa lango. Kamati ilisoma maneno ya nyimbo kabla ya kurekodi na kuyakataa yaliyoonekana hayafai. Remmy Ongala alipotoa Mambo kwa Soksi, wimbo uliowahimiza watu kutumia kondomu wakati UKIMWI ulipokuwa ukienea, RTD haikuupiga, nao watu wakaupata kumbini na kwenye kanda za mitaani. Tena malipo ya kurekodi yalikuwa madogo. Ilichukuliwa kwamba kusikika redioni kunaijazia bendi ukumbi, na kwamba kiingilio cha mlangoni ndicho mshahara. Kanda zikabaki mali ya redio, wanamuziki wakabaki na sifa. Haya yote ni kweli, na mtu wa redio ya umma asiyeyakubali hastahili kusikilizwa katika mengine. Lakini dawa yake ninaiona ndani ya dai langu. Redio iliyochukua mengi kwa malipo kidogo ina deni, na deni halilipwi kama mdai hajulikani jina. Redio iliyokataa nyimbo inapaswa kuweka kumbukumbu ya ilichokataa na sababu zake, ili wajukuu wajue tulichoogopa. Daftari la kweli huandika pia aibu ya mwenye duka. Kosa la jana la kufunga lango haliondolewi kwa kosa la leo la kuwasahau waliosimama nje yake.

Pingamizi la tatu ndilo vijana hulileta kwa kujiamini: intaneti ina kila kitu. Andika jina la Marijani Rajabu, nyimbo zinamiminika. Nami nafurahi zikimiminika, kwa sababu wimbo unaosikilizwa uko hai kuliko wimbo uliofungiwa. Lakini tazama zilivyoandikwa. Wimbo wa bendi moja umepewa jina la bendi nyingine. Mwaka wa santuri ya mkusanyiko umefanywa kuwa mwaka wa kurekodiwa. Mwimbaji amegeuzwa mtunzi. Picha ni ya mtu mwingine kabisa. Anayepandisha wimbo huko hana nia mbaya, ila hana pa kuulizia. Kosa moja likishanakiliwa mara elfu, linavaa vazi la ukweli, na kijana anayetafiti kwa bidii hukutana nalo kila aendako. Kinyume chake, wenye kuchukua taabu wameonyesha kinachowezekana. Mfululizo wa Zanzibara, uliotolewa na Buda Musique ya Ufaransa, umerudisha sokoni rekodi za zamani za pwani na bara pamoja na vijitabu vinavyoeleza ni nani waliopiga na katika mazingira gani. Hebu tujiulize kwa nini msikilizaji wa Paris aweze kusoma habari za bendi ya Dar es Salaam kwa urahisi kuliko msikilizaji wa Tandale. Intaneti ni barabara nzuri sana. Mzigo unaosafirishwa juu yake lazima utoke ghalani ukiwa na jina la mwenyewe.

Mwisho huja pingamizi la fedha, ambalo hutajwa kwa sauti ya chini na kufunga mjadala. Kuhamisha kanda za sumaku kwenda kwenye mfumo wa kidijitali ni gharama kubwa: mashine za kuzichezea hazitengenezwi tena kama zamani, vipuri ni adimu, na joto na unyevunyevu wa pwani huzilegeza kanda mpaka gundi yake ikashika kwenye kichwa cha mashine. Yote kweli. Ila tusichanganye gharama ya kuokoa sauti na gharama ya kuandika. BBC ya Uingereza ilikuwa na fedha kuliko sisi, na bado ilifuta kanda nyingi ili izitumie upya. Lakini ilikuwa imejaza karatasi zake: kila kilichotangazwa kiliorodheshwa. Kwa hiyo rekodi ambazo bendi zilifanya studioni kwa ajili ya kipindi cha John Peel, kuanzia mwaka 1967, zimeweza kuorodheshwa kwenye kitabu, pamoja na tarehe na majina ya wapigaji, zikiwemo ambazo kanda zake hazipo tena. Nani alipoteza nini kunajulikana. Hugh Tracey, ambaye aliwahi kuongoza studio ya redio Durban, alizunguka Tanganyika mwaka 1950 akirekodi kwa mashine zilizobebwa na gari, na aliandika wapigaji, ala, lugha na mahali. Karatasi hizo ndizo zinazofanya leo rekodi zake zirudishwe vijijini zilikotoka na kutambuliwa na wajukuu. Kalamu ni chombo cha bei nafuu kuliko vyote vilivyomo studioni. Tukikosa fedha za mashine, hilo si sababu ya kukosa majina.

Basi somo nililolipata katika kazi hii linaweza kugeuzwa kuwa utaratibu. Bendi isitoke studioni kabla mtayarishaji hajaandika jina la kila aliyepiga na chombo alichopiga, mtunzi wa maneno na mtunzi wa muziki kama ni wawili, mahali, tarehe, jina la fundi mitambo, na kasi ya kanda, kwa sababu kanda iliyochezwa kwa kasi isiyo yake huibadili sauti ya mtu hata mama yake asiitambue. Hayo ni mambo ya robo saa. Yakiachwa mpaka kesho huwa kazi ya wiki. Yakiachwa miaka kumi huwa utafiti. Yakiachwa miaka arobaini huwa mabishano. Mahojiano nayo yabadilike. Tumezoea kumuuliza mwanamuziki amejisikiaje na ana ujumbe gani kwa mashabiki. Tumuulize nani alimfundisha, gita lilikuwa la nani, nani aliandika mstari huo, nani hakuwepo siku hiyo na kwa nini. Majibu ya maswali hayo hayachakai, na ndiyo yanayomfanya mwandishi wa muziki awe mwandishi wa habari, kwa kuwa habari ni jambo linaloweza kuhakikishwa.

Na kwa kanda zilizokwisha kurekodiwa bila maandishi, bado ipo njia moja, ila inafupika kila mwaka. Waliopiga wanajuana. Mzee aliyeshika gita mwaka 1978 anaweza kusikiliza nusu dakika ya wimbo akasema huyu ni fulani, na huyu anayemjibu ni mimi. Hakuna mashine yenye sikio hilo. Gurumo alifariki mwaka 2014, Remmy Ongala mwaka 2010, Marijani Rajabu mwaka 1995, na kila mmoja aliondoka na majina ambayo hayakuwa yameandikwa popote. Hivyo kama ningepewa kuchagua jambo moja tu la kufanywa na redio ya umma mwaka huu, ningeomba spika mbili, kanda au nakala zake, meza, chai, daftari, na wazee waliobaki wakiwa wamelipwa nauli na siku yao. Mtayarishaji apige wimbo, anyamaze, na aandike anachoambiwa. Jioni, kasha lililokuwa na jina la bendi peke yake litakuwa na majina ya watu kumi na wawili, na mmoja wao atakuwa yule mpiga gita la pili ambaye nchi nzima imecheza kwa vidole vyake bila kumwita kwa jina.